Blanketi la Milimita

Mdogo wangu alipewa jina la Milimita mwaka wake wa kwanza wa kutandika vigae. Msimamizi wao alimkuta amelala kifudifudi kwenye sakafu ya bafu, shavu limegusa saruji, jicho moja amelifumba, anachungulia.

"Kuna nini?"

"Hiki kimepanda."

"Kimepanda kiasi gani?"

"Milimita moja."

Wenzake walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wetu limebaki kwenye vyeti, na hata mimi niliyembeba mgongoni akiwa mchanga namwita Milimita.

Nisije nikaonekana namsifu kwa kuwa ni ndugu yangu. Kukaa naye ni mtihani. Akija kwangu, kabla hajanywa hata maji ameshasogeza kabati langu kidole kimoja kushoto, ati halikukaa sawa na ukuta. Akikuta godoro limekaa upande analinyoosha na wewe umelala juu yake. Siku moja nilimwambia, "Wewe hata ukifa utaamka kuwaambia wachimba kaburi kuwa wamekosea pembe." Akacheka sana. Siku hizo tulikuwa tunaweza kutaniana juu ya makaburi.

Kosa moja tu analijua na hajalirekebisha. Alikuwa anatandika korido ya zahanati, amefunga kamba watu wasipite. Karani wa mapokezi, msichana mwenye haraka zake, akairuka ile kamba na mafaili mkononi, akakanyaga kigae ambacho hakijashika. Kikazama. Milimita alipiga kelele kama aliyekanyagwa yeye. Yule karani akageuka, akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Kaka, kama kimezama si ukiinue? Au unataka niombe radhi kwa barua?"

Hakukiinua. Kiko pale mpaka leo, mbele ya dirisha la kuandikisha wagonjwa, kimezama milimita mbili. Na yule karani akawa wifi yangu kwa miaka sita.

Wifi yangu alikuwa mtu wa maneno mengi na nguo za rangi kali, na nguo zake nyingi nilimshonea mimi. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha wateja anamwiga mume wake anavyopima chumvi kwenye sufuria, nami nacheka mpaka mshono unapinda. Walikaa miaka mitano bila mtoto. Wa sita akapata mimba, akajifungua mtoto wa kike salama, na siku ya pili damu ikakataa kusimama. Asubuhi alikuwa ananiagiza nimpelekee blauzi ya kunyonyeshea yenye vifungo mbele. Jioni tulikuwa tunauliza jeneza linapatikana wapi.

Mtoto alishinda dukani kwangu. Nilimlaza kwenye kapu la nguo zisizochukuliwa na wenyewe, chini ya meza ya kukatia, nikazihamishia nguo za watu kwenye mfuko. Alizoea mlio wa cherehani kiasi kwamba nikinyamazisha mashine ndipo analia. Jioni baba yake anapita kumchukua, ananawa mikono mara tatu kabla ya kumgusa.

Wiki chache baada ya mazishi, mama mkwe wa Milimita alikuja. Ni mwalimu mstaafu, anaishi peke yake katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Hakuja kwa shari. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja alichozoea kukaa binti yake, akamwambia Milimita, "Mwanangu, sikuja kukunyang'anya. Lakini wewe unatoka alfajiri na kurudi na saruji mpaka kwenye kope. Nani atamshika mtoto? Mimi nina nafasi, nina nguvu bado. Akishakaza shingo, akifikisha miezi mitatu, nitakuja kumchukua. Utakuja kumwona kila mwisho wa mwezi. Akikua, tutazungumza tena."

Milimita aliniangalia mimi.

Ninao watoto watatu, chumba na sebule, na mume anayefanya kazi mbali. Hizo ni sababu za kweli na hakuna atakayenilaumu kwazo. Lakini nakumbuka jinsi nilivyoinama chini ya meza kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Nilipoinuka, mdogo wangu alikuwa ameshasema, "Sawa, mama."

Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko.

"Dada, nifundishe kushona."

"Kushona nini, kaptula ya kazini?"

"Blanketi la mtoto. Lile la vipande vipande."

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na sketi ya bluu ya kazini, blauzi mbili, moja ya njano na moja ya madoa mekundu, na gauni jembamba la kijani. Ndizo nguo za wifi yangu zilizobaki. Nyingine ndugu zake walishagawana, na mimi mwenyewe nilisaidia kuzikunja.

"Huko anakokwenda atakuwa na bibi, atakuwa na kila kitu," alisema. "Ila mama yake hatamjua. Nataka akilala ajifunike nguo zake."

Nikamwambia, "Niachie hapa. Keshokutwa unakuta tayari." Akakataa. Alitaka liwe la mkono wake. Nilimwangalia vidole, vimepasuka kwa saruji, vinakwaruza kila kitambaa vinachokigusa, nikampa mafuta ya mgando nikamwambia apake kwanza, ndipo tuzungumze habari za kushona.

Kwa anayeanza, hakuna kazi nyepesi kama blanketi la viraka vya mraba. Halina kola wala mkono. Nilimwambia afue vitambaa vyote kwanza, maana kama kuna rangi ya kuchuja, bora ichuje leo kuliko kuja kuchuja juu ya mtoto. Akaishika ile blauzi ya njano, akaiweka puani.

"Lazima nifue?"

"Lazima."

Akaiweka kwenye beseni mwenyewe. Sikujua nitazame wapi.

Nikamweleza yaliyobaki. Piga pasi, kata kadibodi ya mraba iwe kipimo, kata viraka vyote kwa kadibodi hiyo hiyo. Vipange sakafuni kwanza uone rangi zinavyokaa. Shona kiraka kwa kiraka upate mstari, kisha mstari kwa mstari. Mwisho unatandika shuka chini, blanketi kuukuu katikati, viraka juu, unapitisha mshono kushikanisha vyote vitatu, unafunga kingo. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake la hesabu za sakafu. Alikuwa ameshampigia simu mama mkwe akipime kitanda cha mtoto kule: sentimita themanini kwa mia moja.

"Basi kata kumi kwa kumi," nikamwambia. "Nane kwenda, kumi kushuka. Themanini jumla."

Hilo ni neno langu, na nalisema hapa ili lisije likasemwa na mtu mwingine. Fundi nguo ukimwambia kumi, mkono wake wenyewe unaongeza sentimita moja ya mshono kila upande. Hatuambizani. Nilikuwa na sare za shule zimerundikana mpaka dirishani, mtoto analia, nikasahau kuwa ninayemwambia si fundi nguo.

Jumapili alikata nyumbani kwake, sakafuni, kwa rula ya chuma na wembe wake wa kazi. Jumatatu akaniletea viraka kwenye bahasha ya khaki. Nimeshona miaka ishirini na miwili na sijawahi kukata mraba kama ule. Ukivipanga vyote themanini ukavigonga mezani, vinasimama kama karata mpya.

"Mbona viko themanini na vitatu?"

"Vitatu vya akiba."

Hiyo ni kanuni ya kazi yake. Kila nyumba anayotandika anamwachia mwenyewe vigae vitatu vinne, avifiche chini ya ngazi, kwa sababu kimoja kikivunjika baada ya miaka kumi, rangi ile dukani haipo tena. Nikamuuliza mabaki yako wapi, zile kola na makwapa. Alikuwa amezikata nyuzinyuzi, amezijaza kwenye kimto kidogo cha mtoto. Hakubakiza kitu. Hata vifungo alikuwa amevishona kwenye kofia ya mtoto, viwili viwili.

Akaanza kushona. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na mguu wake umezoea kukanyaga koleo. Mshono wa kwanza ulikwenda kama mlevi anayerudi nyumbani. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni njia ya maji au ni mshono?" Akafumua. Akashona tena, akafumua. Mara ya sita ukanyooka, na kuanzia hapo hakupinda tena. Mtoto kwenye kapu alikuwa amelala fofofo. Na mdogo wangu, nilimsikia kwa masikio yangu, alikuwa anapiga mluzi. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akipiga mluzi.

Alipomaliza mstari wa kwanza aliuweka mezani kwangu akatoka kwenda kunawa. Nikachukua tepu yangu bila sababu, mazoea tu. Ule mstari ulitakiwa uwe themanini. Ulikuwa sitini na sita.

Nilijua papo hapo tulichofanya. Alikata kumi kamili, nami nilisema kumi, na mshono umekula sentimita moja kila upande. Na kitambaa kingine hakuna, si dukani kwangu wala popote duniani. Maji yakimwagika hayazoleki. Yeye akarudi anajifuta mikono, anauliza, "Vipi, umenyooka?"

Nikajikaza kisabuni. "Umenyooka," nikasema. "Endelea."

Aliendelea kwa siku kumi na tatu, kila jioni mstari mmoja au nusu yake, na kila jioni mimi nilinyamaza. Akiondoka nafungua gunia langu la vipande, lile ninaloweka mabaki ya nguo za wateja. Ile blauzi ya madoa nilimshonea wifi yangu mimi mwenyewe. Huenda nilibakiza hata ukanda. Nilimwaga gunia zima sakafuni, nikachambua kipande kimoja kimoja kama anayechagua mchele. Sikupata.

Alipounganisha mstari wa mwisho, alitoa futi yake ya chuma mfukoni. Akapima upana. Akapima tena. Akapima urefu. Mtu mwingine angesema limekuwa dogo kidogo, basi. Huyu ni Milimita.

"Dada, sentimita kumi na nne za upana zimekwenda wapi?"

"Mshono umekula."

"Umekula vipi?"

Nikamgeuzia upande wa nyuma nikamwonyesha zile kingo zilizosimama kila palipoungwa. Akapitisha kidole polepole, mstari mmoja mpaka mwisho.

"Kumbe ziko huku," akasema. "Sisi wa vigae ukiunganisha, vitu vinaongezeka. Kila mwanya unaongeza. Nyie vinapungua."

"Kosa ni langu. Nilikwambia kumi."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. "Tangu mstari wa kwanza."

Hakupiga kelele kama aliyompigia wifi yangu pale koridoni. Afadhali angepiga. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Kule kwenye mstari wa kwanza bado ningeweza kufumua nikafikiri jambo jingine." Akakunja kile kitambaa, akamchukua mtoto, akaondoka. Siku tano hakuingia ndani. Anasimama mlangoni, ananiamkia, anapewa mtoto, anaondoka. Zilibaki siku nane mama mkwe aje, na nilikuwa nikishona sare za watoto wa watu huku machozi yananidondokea kwenye kitambaa cheupe. Niliona kuwa nimemkosea mara mbili: nilimnyima mdomo wangu siku ile ya sindano, na nikamnyima tena siku ya tepu.

Siku ya sita akaingia. Alikuwa na suruali yake ya kazi ya kijivu, imefuliwa na kukunjwa.

"Nimeifua mara tatu," akasema. "Saruji ya hapa gotini imekataa kutoka."

"Ya nini?"

"Kigae kisipofika ukutani, unatia mpaka kuzunguka pembeni."

Nikampisha kwenye cherehani. Alipima ile suruali, akachukua wembe, kisha akasimama akajisemea kwa sauti, kama mtoto anayekariri somo, "Kumi ili nipate nane." Alipofika juu na chini akasema, "Kumi na mbili ili nipate kumi." Nikageukia ukutani nikajifanya natafuta uzi wa kijivu.

Tulimaliza ule mpaka wa kijivu kwa jioni mbili. Shuka la chini nilitoa mimi. Blanketi la katikati lilikuwa la utoto wetu, lile tuliloligombania tukiwa tunalala kitanda kimoja, limechakaa limekuwa laini. Alipitisha mshono wa kushikanisha kila palipokutana pembe nne, na pembe zote nne zilikutana, viraka themanini, hakuna iliyokosea hata ile milimita yake moja. Jumatatu mchana akafunga kingo. Akapima. Themanini kwa mia moja. Akamfunika mtoto kwenye kapu, na mtoto akakikamata kiraka cha njano akaanza kukila.

Mama mkwe alilala njiani, akafika Jumanne asubuhi na gari la kukodi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu alfajiri: mama, mwache, nitamlea hapa hapa na wangu, tutajua mbele ya safari. Akaingia, akatusalimia, akamwinua mtoto na blanketi lake. Kisha akakaa chini bila kutafuta kiti kiko wapi, bahati kilikuwa nyuma yake.

"Hii ya njano nilimnunulia mimi," akasema. "Siku alipopata kazi." Akapeleka kidole kwenye bluu. "Hii alikuwa anaipiga pasi kila usiku, nikamwambia utaiunguza." Akaenda hivyo, kiraka kwa kiraka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale dukani siku ile ulikuwa wa hao wawili, mimi nikawa mtazamaji. Kidole kilipofika pembeni kikasimama.

"Na hii ya kijivu?"

"Yangu, mama. Halikutosha."

Akaiangalia ile alama ya goti. "Saruji haikutoka."

"Haikutoka."

"Nikiianika kwenye jua kali itatoka."

"Usiitoe, mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Milimita akampokea mwanawe, akambusu kwenye paji, mara moja, akamrudisha. Dereva akapiga honi. Nikafungua mdomo kusema maneno yangu niliyoyapanga, na yaliyotoka yalikuwa, "Chupa ya maziwa iko kwenye mfuko wa pembeni."

Walipokuwa wameshaingia garini, Milimita akaegemea dirishani akatoa ile bahasha ya khaki.

"Mama, humu mna viraka vitatu. Kimoja kikichanika, ufumue uweke kimoja cha hivi. Hivi havipatikani tena."

Mama mkwe akaiweka bahasha kwenye mkoba wake akaufunga. Gari likaondoka, tukabaki barabarani tumesimama kama watu waliosahau walichokuwa wanakwenda kununua.

"Ungebaki hata na kimoja," nikamwambia. Nilikuwa nalia na nina hasira, vyote kwa pamoja. "Umekata nguo zote, umempa zote. Wewe umebaki na nini? Kimoja tu, Milimita, angejuaje?"

Alinitazama kama mtu anayemshangaa fundi asiyejua kazi.

"Dada, vya akiba huachiwa mwenye nyumba," akasema. "Fundi haondoki navyo."

Akaingia ndani kuchukua ndoo na pima maji lake, maana ilikuwa bado asubuhi na kulikuwa na jiko la watu linamngoja. Alipokuwa anatoka aliliona kapu tupu chini ya meza. Akainama, akalisogeza kidole kimoja, likakaa sawa na ukuta.